Nilivyofungua injini ya Road King mara mbili kwa sababu ya kemshafti moja

Nianze na aibu yangu kabisa ili tuelewane. Mwaka wa kwanza nimenunua hii pikipiki nilifunga kemshafti kubwa, ile shafti inayofungua valvu za injini, nikalipa hela ya kutosha, nikapewa karatasi yenye grafu nzuri ya kupiga picha na kutuma kwenye grupu, alafu wiki mbili baadae nikapitwa kwenye mlima na mzee mwenye ndevu nyeupe anaendesha Road King kama yangu ambayo haijaguswa chochote tangu itoke kiwandani. Nyuma kambeba mkewe na mabegi mawili. Mi nilikuwa peke yangu.

Naishi Charlotte, North Carolina, kazi yangu ni lori, masafa marefu. Watu huwa wananiuliza sasa wewe unaendesha wiki nzima, wikiendi tena unaenda kuendesha? Ndio, tena kwa raha zote, ila kwa matairi mawili. Kutoka hapa kwangu ni mwendo wa saa mbili hivi nipo juu ya Blue Ridge Parkway, barabara ya maili 469 inayopita mgongoni mwa milima kutoka Virginia mpaka karibu na Cherokee, haina lori hata moja, haina mabango ya biashara, ni kona na miti na ukungu tu. Spidi mwisho ni maili 45 kwa saa. Shika hiyo namba, 45, maana makala yote hii inazunguka hapo na mimi niliipuuza nikaja kuilipia.

Pikipiki yenyewe ni Harley-Davidson Road King ya 2003, mwaka ambao kampuni ilitimiza miaka 100 kwa hiyo ina vibeji vya sherehe kila mahali mpaka kwenye tangi. Injini ni Twin Cam 88, sentimita za ujazo 1450, silinda mbili za V, kabureta ile Keihin CV ya milimita 40, gia tano. Uzito bila mizigo ni zaidi ya kilo 320, ukijumlisha na mimi na mama watoto na maboksi ya pembeni unasogeza karibu nusu tani. Sasa kwa nini usiuze ununue mpya? Nimeulizwa mara nyingi. Kuanzia modeli za 2017 za safari ndefu wameweka injini ya Milwaukee-Eight, valvu nne kila silinda, inavuta vizuri mno, nimeiendesha na siwezi kuisema vibaya. Ila bei yake ni bei ya gari, na mi hii nimeshaizoea kelele zake, tena naweza kuifungua mwenyewe nyumbani kwangu na spana zangu. Tuishie hapo.

Kwa wale wa nyumbani ambao mmekulia kwenye bodaboda nitawarahisishia. Kama umewahi kuona fundi anafungua zile injini za Kichina zilizoigwa kwa Honda CG125, unajua kemu, yaani hiyo kemshafti, iko chini, pembeni ya kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, inasukuma vijiti viwili virefu vinavyopanda mpaka juu kwenye hedi, kichwa cha injini, kufungua valvu. Hii ya kwangu ni mambo yaleyale, ila vijiti viko vinne, pushrodi, na kemshafti ziko mbili ndo maana ikaitwa Twin Cam, moja ya silinda ya mbele na moja ya nyuma. Kranki inazungusha kemu ya nyuma kwa cheni, kemu ya nyuma inaizungusha ya mbele kwa cheni nyingine. Na hizo cheni mbili zinakazwa na vibao vya plastiki vyenye springi, vinakandamiza cheni muda wote injini ikiwaka.

Hapo kwenye vibao ndo kuna kesi. Injini za 1999 mpaka 2006 karibu zote zilitoka na mfumo huo, na kila anayezijua atakuambia kitu cha kwanza kabla hujawaza nguvu ni kufungua kifuniko cha kemu upande wa kulia ukaangalie plastiki imebaki kiasi gani. Kinalika kama pedi ya breki. Kikilika vipande vinaingia kwenye oili, vinaenda kwenye pampu, vinaziba njia, na kikiisha kabisa cheni inakula chuma. Kuanzia 2007 wakaweka vikaza cheni vinavyosukumwa na presha ya oili na cheni ya aina nyingine, ndo pakatulia. Kwa hiyo ukikuta mtu anauza Twin Cam ya zamani bei poa, swali lako la kwanza lisiwe ina farasi wangapi. Uliza vibao vya cheni vilibadilishwa lini na nani, na akikuambia mambo gani hayo basi punguza bei hapohapo au nenda nyumbani.

Na ndo maana watu wengi wanabadili kemu kwenye hizi injini. Sio kwamba wote wana kiu ya mbio. Ukishafungua upande ule kukagua plastiki umeshafika kwenye kemu, kazi nusu imeisha, unajikuta unasema aa, si nifunge nyingine tu. Na mimi ndivyo nilivyoingia mkenge.

Nilipeleka kwenye gereji moja, jina litabaki kwangu. Jamaa wa pale alikuwa mwongeaji mzuri balaa. Akaniuliza unataka nguvu? Nikajibu nani hataki. Akatoa boksi, akasema hii ndo wanafunga wote wanaojua, ekzosi yako tayari iko wazi, ea klina tunaweka kubwa, jeti za kabureta, vile vitundu vya petroli, tunapanda, tayari. Hakuniuliza naendeshea wapi, wala napakia nini, wala spidi zangu. Na mimi sikujiuliza, kwa sababu kichwani nilikuwa nasikia ule mlio tu, ule wa kusitasita wakati pikipiki imesimama kwenye taa, pata-pata... pata. Nisidanganye, mlio niliupata.

Walipomaliza wakaiweka kwenye daino, mashine ya kupima nguvu ya injini. Kabla ilikuwa hosipawa 62 kwenye tairi la nyuma, baada ikawa 75. Nikapeana mikono na kila mtu mle ndani mpaka na aliyekuja kununua oili.

Jumamosi iliyofuata nikapanda Parkway, na pikipiki ikawa nzito. Sijui nielezeje, kama vile breki ya nyuma inashika kidogo. Natoka kwenye kona nimeshika gia ya tano naongeza resi, hamna kitu, inanguruma tu, nashuka ya nne, bado inajivuta, nashuka ya tatu ndo inaamka, na ikiamka kweli inakimbia, ila hapo nimeshafika maili 55 kwenye barabara ya 45 na kona nyingine hii hapa. Siku nzima mguu wa kushoto juu chini, juu chini. Nikajua kabureta haijakaa sawa. Nikarudi gereji, wakabadili jeti. Nikarudi tena, wakabadili sindano. Mara ya tatu yule mwongeaji akaniambia tatizo naendesha kizee.

Usiku huo nikampigia mjomba. Mjomba wangu yuko Iringa, kastaafu, kaendesha malori njia ya Dar kwenda Tunduma miaka mingi kabla mimi sijajua hata kukanyaga klachi, mambo yote ya injini niliyonayo yalianzia miguuni kwake chini ya lori. Nikamsalimia shikamoo mjomba, marahaba mwanangu, nikaanza kumwagia, hosipawa 75, kemu kubwa, sijui nini. Akanisikiliza mpaka mwisho alafu akauliza:

"Sasa mwanangu, Kitonga unapanda na resi ngapi?"

Nikasema mjomba huku hakuna Kitonga, ule mlima mkali wa kwenye njia ya Iringa. Akasema Kitonga ipo kila mahali, we niambie ukiwa unapanda huo mlima wenu injini inazunguka mara ngapi. Nikakaa kimya kwa sababu sikujua. Naendesha lori kila siku, najua lori langu linataka kushikwa kwenye mizunguko mingapi mlimani, tena nikiona kijana anaiacha ikalie namcheka, lakini pikipiki yangu mwenyewe sijawahi hata kupiga hesabu.

Nikapiga. Kwenye gia ya tano, tairi la nyuma lile la inchi 16, maili 70 kwa saa ni kama mizunguko 2,900 kwa dakika. Maili 45 ni chini ya 1,900. Ukishuka ya nne unafika kama 2,300. Yaani maisha yangu yote juu ya hii pikipiki, wikiendi hata wikiendi, yanaishi kati ya 1,900 na 3,000. Nikatoa ile karatasi ya daino kwenye droo. Zile hosipawa 75 zilikuwa kule juu mizunguko 5,300, mahali ambapo mi sijawahi kufika zaidi ya mara tatu. Na huku chini, pale 2,500, mstari wa toki, ile nguvu ya kuvuta, ulikuwa umeshuka chini ya ule wa zamani. Ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Karatasi haikunidanganya hata kidogo, mi ndo nilisoma kona ya juu kulia peke yake.

Hosipawa sio kitu kinachokaa peke yake. Ni toki ukizidisha na mizunguko ukagawanya kwa 5,252, kama unapima toki kwa futi-pauni. Ndo maana kwenye grafu ya daino yenye namba zinazolingana pande zote mbili mistari miwili inakatana pale pale 5,252, na kama haikatani hapo na vipimo ni hivyo basi mtu kachezea karatasi. Sasa ukiwa 1,900 na toki ya 65, una hosipawa 23 na nusu tu. Ishirini na tatu! Za kusukuma nusu tani mlimani. Ukiipandisha toki mpaka 80 palepale unapata karibu 29, na hiyo tofauti ndo mwili unaisikia, sio ile 75 ya kwenye karatasi.

Sasa kwa nini kemu kubwa inaua nguvu ya chini? Hapa ndo palinichukua muda kuelewa na nadhani ndo pa muhimu kuliko vingine vyote, kwa hiyo vumilia kidogo.

Watu wakiongelea kemu wanaongelea inainua valvu kiasi gani. Ni namba rahisi, hata makampuni mengine yanaiweka kwenye jina, za S&S kwa mfano, 510 inainua inchi 0.510, 585 inainua 0.585, unaona kubwa unasema hii ndo yenyewe. Namba inayoamua pikipiki itavutaje mlimani ni nyingine kabisa, ni valvu ya kuingiza hewa inafunga lini. Pistoni ikishuka inavuta mchanganyiko, ikifika chini inageuka inaanza kupanda kukandamiza. Ungedhani valvu inafunga palepale chini. Haifungi hapo, inachelewa, kwa sababu injini ikikimbia sana hewa ina kasi yake, inaendelea kujisukuma ndani hata pistoni ikianza kupanda, kwa hiyo ukichelewesha kufunga unajaza silinda zaidi. Ila hiyo ni injini ikikimbia. Ikiwa inazunguka taratibu hewa haina hiyo kasi, pistoni ikipanda na mlango uko wazi inairudisha hewa ilikotoka. Umeshavuta hewa alafu unaitema.

Nilichora kwenye daftari. Safari ya pistoni kwenye Twin Cam 88 kutoka juu mpaka chini ni milimita 101.6. Kemu inayofunga digrii 25 baada ya pistoni kufika chini, pistoni inakuwa imepanda milimita 3 na nusu hivi, umepoteza kidogo sana. Kemu inayofunga digrii 45, pistoni imeshapanda milimita 11 na nusu. Yaani zaidi ya sehemu moja ya kumi ya safari imeenda bure na kompresheni yako ya kweli, yaani hewa inavyobanwa, imeshuka, japo kwenye makaratasi injini bado inaitwa ya tisa kwa moja. Ya kwangu ilikuwa inafunga nyuma zaidi ya hapo. Nilipoichomeka geji ya kompresheni kwenye tundu la plagi nikapiga stata na resi imefunguliwa yote, ikasoma psi 145, hiyo psi ni kipimo cha presha. Injini yenye afya, ringi nzima, 145. Hata ukiisukuma kwa maombi haitavuta.

Ukigeuza upande wa pili nako kuna mtego. Ukichukua kemu inayofunga mapema sana ukaiweka kwenye injini yenye kompresheni kubwa, presha inazidi, stata inalemewa asubuhi, na ukiwa mlimani siku ya joto injini inagonga, ule mlio wa kama karanga zinarushwa kwenye sufuria, na huo mlio ukiusikia punguza resi maana pistoni zinapigwa nyundo. Harley wenyewe walitengeneza kemu ya SE255 inayofunga mapema, inapendwa sana na watu wa mizigo, ila wengi wanaifunga pamoja na vile vivalvu vidogo vya kupunguza presha wakati wa kuwasha. Mi nikajiwekea lengo, psi kati ya 180 na 190, kwa petroli ya okteni 93 inayopatikana kwenye kila kituo huku.

Basi nikaamua safari hii nafungua mwenyewe. Gereji sikuirudia, na sikugombana na mtu, yule jamaa aliniuzia nilichoomba.

Kitu cha kwanza nilichopima ni kranki. Nilikuwa nataka kuondokana na zile cheni na plastiki jumla, niweke gia, chuma kwa chuma, kranki inazungusha kemu moja kwa moja. Ila gia hazisamehi, kama ncha ya kranki inayumba meno yatabanana upande mmoja na kuachana upande mwingine. Kiwango wanachosema ni isizidi inchi 0.003. Nikaazima geji ya saa kwa mfanyakazi mwenzangu mmoja, nikaifunga kwa sumaku, kidole cha geji kikagusa ncha ya kranki, nikawa nazungusha tairi la nyuma kwa mkono gia iko ya tano, taratibuu, macho kwenye mshale. Ukaenda mstari mmoja, ukaenda wa pili, nikaacha kupumua, ukarudi. Inchi 0.002. Nikazungusha tena mara nne kwa sababu sikuamini. Kama ungevuka 0.003 ningeweka vikaza cheni vya presha ya oili, vipo vya kubadilishia kwenye injini za zamani pamoja na pampu yake, tena ni kazi nzuri tu, ila angalia kabla hujanunua kama kemu ulizochagua zinakubali mfumo huo, maana za 1999 mpaka 2006 na za 2007 kuendelea hazifanani sehemu ya kukalia beringi.

Nikachagua S&S 510 za gia. Ningeacha injini 88 kama ilivyo ningechukua ndogo zaidi, Andrews 21 kwa mfano, inaingia bila kugusa hedi na haikusumbui, kwa mtu mwenye bajeti ya kemu tu hapo ndo ningemwelekeza bila kufikiri mara mbili. Ila mi silinda nilizitoa, nikazipeleka zikachongwa kutoka inchi 3.75 kwenda 3.875, pistoni mpya, hiyo wanaiita 95, ujazo unapanda mpaka 1550 na hauhitaji kuchonga kasha la injini. Kuna jambo hapo usikubali kupitishwa: silinda za hizi injini zichongwe zikiwa zimebanwa na bamba nene juu na chini, kama vile zimefungwa kwenye pikipiki, kwa sababu zile bolti ndefu zikikazwa silinda inajipinda kidogo, ukiichonga ikiwa huru itakuwa duara mezani tu na kwenye injini itakuwa yai. Nilipiga simu sehemu tatu, mbili ziliposikia habari ya bamba zikaniambia sio lazima. Nikaenda ya tatu.

Hedi gasketi nikachukua nyembamba ya 0.030 kubana kompresheni kidogo. Springi za valvu nikabadili zote, za mwaka wangu kiwandani hazitakiwi kupelekwa mbali kupita kuinua 0.500 hivi, sasa ukifunga kemu ya 0.510 unakuwa umesimama ukingoni. Beringi za ndani za kemu zikatoka, zikaingia zile zenye vijiti vimejaa bila fremu ya kuvitenganisha, ziko nyingi zaidi zinabeba mzigo vizuri. Pampu ya oili nilipima nikairudisha, oringi yake mpya, na hii oringi ndogo mjinga mjinga ukiisahau oili haitoki vizuri chini ya kranki, pikipiki inakuwa nzito na moto na utazunguka mjini mzima kutafuta ugonjwa.

Kwa wasiofungua hedi, pushrodi za zamani huwa zinakatwa. Ndio, zinakatwa kwa mkasi mkubwa wa kukatia kufuli, tap, tap, nne chini, ili usitoe tangi na vifuniko vya juu, alafu unaweka za kurekebishika. Inauma kidogo roho kuangalia.

Hizo za kurekebishika ndo zilinipa somo la subira. Tapeti za hii injini, vile vipande vinavyokaa kati ya kemu na pushrodi, zina oili ndani, ukirefusha pushrodi unaibana tapeti, valvu inafunguka kidogo, na unatakiwa ukae usubiri oili ijipenyeze itoke, tapeti ishuke, valvu ifunge. Unajuaje? Unaizungusha pushrodi kwa vidole viwili. Ikikataa, subiri. Ukizungusha kranki kabla ya hapo valvu inaweza kukutana na pistoni. Mi ile ya nyuma ya kutoa moshi ilikaa dakika 25. Nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, chai imepoa, kila baada ya dakika mbili najaribu kwa vidole, bado. Mama watoto akatoka akaniuliza unafanya nini, nikamwambia nasubiri, akaniangalia akarudi ndani. Alafu mara nikagusa, ikazunguka laini kabisa kama kalamu. Hizo dakika 25 gereji inayolipwa kwa saa sidhani kama ingezisubiri, ila hayo ni mawazo yangu.

Kabureta nikarudisha akili ya kawaida, jeti ndogo 45, kubwa 190. Watu wanaisema vibaya CV ila kwa mtu wa milimani ni nzuri, inajirekebisha yenyewe kiasi ukipanda juu.

Ikawaka mara ya pili. Geji ya kompresheni ikasoma 185 mbele na 185 nyuma. Nilivyosafiri maili 500 za kulainisha nikaipeleka daino sehemu nyingine, na safari hii nikamwambia jamaa sihitaji kujua kilele, nipe namba ya 2,000 na ya 2,500. Akacheka, akasema hakuna anayemuulizaga hivyo. Toki 78 pale 2,000, 83 pale 2,500, kilele 91. Hosipawa ikafika 82, nimeisema kwa kuwa najua mtaniuliza. Jumla nimetumia kama dola 3,200 bila kuhesabu jasho langu, na ukiongeza za ile kemu ya kwanza, niliyoiuza kwa hasara, mama watoto asisome hapa.

Nikarudi Parkway naye nyuma, maboksi yamejaa, tukapita pale Mount Pisgah. Ule mlima nimeupanda wote kwenye gia ya nne kwa maili 45, nikitoka kwenye kona naongeza resi kidogo tu inavuta, tuku-tuku-tuku-tuku, mguu wa kushoto umepumzika mpaka nikausahau. Ule mlio wa kusitasita kwenye taa umepungua sana, siwezi kukataa nimeukosa kidogo. Bado kuna kaoili kanajipenyeza kwenye oringi ya mrija wa pushrodi wa mbele, tone moja kwa usiku, nimeweka kipande cha boksi chini ya pikipiki, nitaishughulikia.

Jioni nikamrekodia mjomba sauti ya injini kama dakika moja hivi, ikiwa imetulia alafu nikavuta resi kidogo, nikamtumia WhatsApp. Nikasubiri sifa. Ikaja sauti yake:

"Mwanangu hapo imekaa. Ila huko ndani kuna kitu kinalia wiiii kama gia ya Bedford, umekiona?"

Gia za kemu hizo, meno yameumana chuma kwa chuma, zinalia kidogo ndivyo zilivyo. Nimemweleza mara mbili. Bado ananiambia niifungue niangalie.